Udhamini wa Chama Hauuzwi: Maelezo kuhusu Viungo vya Kulipiwa katika Tovuti

(Maelezo yaliyotolewa Matongo mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)

Nimeitwa nieleze jambo moja kabla kikao hakijapiga kura juu ya ajenda ya nne, yaani ombi la kampuni ya ng'ambo ya michezo ya kubahatisha inayotaka kukilipa Chama Kikuu fedha kila mwezi ili jina lake litiwe katika tovuti yetu. Wajumbe wengi wameuliza, tena kwa haki, kuna ubaya gani. Tovuti ni mali yetu, gharama zake za mwaka zinatulemea, na mtu amekuja mwenyewe na fedha mkononi. Swali hilo halijibiki mpaka kwanza ijulikane ni kitu gani hasa anachotaka kununua.

Barua yenyewe mmesomewa. Yafaa tuitazame tena, maana siri yake imo katika masharti, wala haimo katika bei. Mwombaji hataki tangazo lenye picha na rangi pembezoni mwa ukurasa. Anataka makala ayaandike yeye, tena makala juu ya kilimo cha kahawa, na katikati ya makala hayo maneno mawili matatu yageuzwe kuwa kiungo. (Nasema kiungo kwa maana ya watu wa kompyuta, si bizari wala karafuu: ni maneno ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye tovuti nyingine.) Anataka pia pasiandikwe popote kwamba amelipa. Jiulizeni, mfanyabiashara gani anayetoa fedha zake ili kutangazwa, kisha akasihi kwamba isijulikane kuwa ametangazwa?

Kulielewa jambo hilo hapana budi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walieleza mtambo wao wa kutafuta habari katika intaneti, ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina la Google. Mitambo iliyotangulia ilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Mwenye kutaka ukurasa wake utokee juu katika habari za kahawa aliweza kuliandika neno kahawa mara mia mbili, naye akapata nafasi. Page na Brin waliongeza ushahidi wa nje. Walihesabu ni kurasa ngapi nyingine zinazouelekeza msomaji kwenye ukurasa huo, na kila ukurasa uliotoa kiungo ukahesabiwa kuwa shahidi. Tena mashahidi hawakulingana uzito: shahidi ambaye yeye mwenyewe ameshuhudiwa na wengi, neno lake lilipita la yule asiyejulikana.

Sisi wanaushirika hatuhitaji hesabu ngumu kulifahamu hilo. Katika chama cha akiba na mikopo, mwanachama akiomba mkopo huulizwa wadhamini wake ni nani. Kamati haitazami wingi wa sahihi peke yake, bali hutazama sahihi ni ya nani. Sasa chukueni mfano wa mwanachama mwenye jina zuri ambaye ameanza kutoza fedha kwa kutia sahihi, akimdhamini kila apitaye njiani bila kumjua. Siku kamati itakapogundua, itafanya nini? Haitakoma kwenye kuikataa sahihi yake ya kesho. Itafungua majalada ya nyuma na kuwatilia shaka wote aliowahi kuwadhamini, hata jirani yake mwaminifu ambaye hakutoa senti.

Hivyo ndivyo mtambo wa utafutaji unavyofanya kwa tovuti inayouza viungo, na hivyo ndivyo kanuni za Google zinavyosema: kununua au kuuza kiungo kwa shabaha ya kupandisha nafasi ya tovuti ni udanganyifu. Adhabu huja kwa njia mbili. Mojawapo hutolewa na watumishi wa Google wenyewe baada ya kuikagua tovuti, na mwenye tovuti huletewa taarifa. Nyingine hutolewa na mtambo bila mtu kuguswa wala kuarifiwa. Tarehe 24 Aprili 2012 Google iliingiza utaratibu uliopewa jina la Penguin, uliozishusha tovuti nyingi zilizotegemea viungo vya hila. Tangu Septemba 2016 utaratibu huo hufanya kazi mfululizo, na aghalabu huvifuta viungo vya hila katika hesabu bila kuishusha tovuti nzima. Maana yake ni kwamba mnunuzi mara nyingi hulipia hewa.

Mifano ya wanunuzi walioadhibiwa ni mingi. Mashuhuri kuliko yote ni duka kubwa la Marekani liitwalo J.C. Penney, ambalo gazeti la New York Times lilifichua habari zake Februari 2011. Jioni moja, katika muda wa saa mbili, duka hilo lilishuka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa watu waliotafuta masanduku ya safari ya aina fulani, na kutoka ya 1 hadi ya 68 kwa waliotafuta samani za sebuleni. Wenye duka walisema hawakuidhinisha viungo hivyo, wakaifukuza kampuni waliyoiajiri kwa kazi hiyo. Lakini sisi hatukuombwa kununua. Tumeombwa kuuza, na kwa hiyo mfano unaotuhusu zaidi ni ule wa Interflora.

Interflora ni kampuni ya kuuza maua huko Uingereza, biashara ambayo wakulima wa waridi wa Naivasha, jirani zetu wa Kenya, wanaijua vizuri, maana maua yao mengi huishia katika masoko ya Ulaya. Mwaka 2013 Siku ya Mama nchini humo iliangukia tarehe 10 Machi. Majuma machache kabla yake, magazeti mengi ya mikoani yalichapisha katika tovuti zao makala ya kulipiwa yenye viungo vya kwenda Interflora. Februari hiyo adhabu ikashuka. Hata aliyeliandika jina la Interflora lenyewe hakuiona tovuti ya kampuni ile mahali pake pa kawaida. Baada ya siku 11 hivi ilirudishwa, kwa kuwa kampuni kubwa ina watu wa kuhangaika usiku na mchana kuviondoa viungo.

Je, magazeti? Haya ndiyo ninayotaka myazingatie. Wakati ule Google ilikuwa ikionyesha hadharani alama ya kila tovuti, kuanzia 0 hadi 10, na alama za magazeti mengi ya mikoani zikaporomoka, nyingine hadi sifuri. Hayo yalikuwa magazeti ya kweli, yenye waandishi na wasomaji wa kweli, yaliyoaminiwa katika wilaya zao. Yaliuza kitu ambacho hayakujua kwamba kina thamani kuliko malipo yake.

Aprili 2016 jambo la namna hiyo lilitokea tena. Watu waliokuwa wakipewa bidhaa za bure ili waziandike katika tovuti zao na kuweka viungo walipata taarifa kwamba Google imeacha kuviamini viungo vinavyotoka kwao. Hapa ndipo penye hatari yetu. Tovuti ya Chama Kikuu inavielekeza vyama vya msingi vilivyo wanachama, na baadhi yenu mna ukurasa mdogo ambao mdhamini wake wa maana katika intaneti ni sisi peke yetu. Viungo vyetu vikiacha kuhesabiwa, hakitaumia Chama Kikuu tu. Kitaumia na chama cha msingi ambacho hakikusoma barua hii wala hakikugawiwa fedha zake.

Mjumbe mmoja ameniuliza nje ya ukumbi: Google ni nani hata ituamrie sisi wa Mara namna ya kutumia mali yetu? Swali hilo silidharau. Liliulizwa mahakamani huko Marekani na kampuni iitwayo SearchKing ya jimbo la Oklahoma. Mwaka 2002 SearchKing ilianzisha biashara ya kuuza nafasi za matangazo katika tovuti kwa bei iliyofuata alama za Google. Muda si mrefu alama yake yenyewe ikashushwa kutoka 8 hadi 4. Ikashtaki. Mwaka 2003 mahakama iliitupa kesi ikisema kwamba alama hizo ni maoni ya Google, na sheria ya nchi ile inalinda uhuru wa mtu kutoa maoni yake. Kwa maneno mengine, tovuti ni yako, lakini sifa unayopewa na mwingine si mali yako ya kuipangisha.

Mimi binafsi siridhiki kabisa na hukumu hiyo. Maoni ya mtu mmoja kijiweni si sawa na maoni ya yule anayeshika mlango ambao karibu watu wote huupitia. Tarehe 5 Agosti 2024 mahakama ya Washington iliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kampuni hiyo hiyo huuza matangazo juu ya orodha ya majibu yake na kujipatia mabilioni, huku ikimkaripia mwenye tovuti ndogo. Haki iseme pia kwamba Januari 2012 iliushusha ukurasa wake yenyewe wa programu ya Chrome kwa siku 60, baada ya kugunduliwa kwamba waandishi walilipwa kuisifu. Lakini malalamiko yetu juu ya hakimu hayaibadilishi hali ya shahidi aliyekula fedha. Hata Google ikifa kesho na mtambo mwingine ukashika nafasi yake, mnunuzi wa kahawa anayekutana na kamari ndani ya makala yetu ya kilimo atatuona vile vile.

Ndugu Wajumbe, mnajua jinsi jina la hapa linavyosikika mbali. Mtu wa nje akitafuta habari za Matongo au Nyamongo, atakutana kwanza na habari za mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ugomvi wake. Kahawa ya Arabika ya nyanda za juu za Tarime iko nyuma sana katika orodha hiyo. Kila hatua tuliyopanda imepatikana kwa taarifa za mavuno, bei za mnada na majina ya vyama tulivyochapisha mwaka baada ya mwaka, na kwa watu waliotuelekezea wasomaji kwa kuwa waliona tunasema kweli. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1976, Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika, na jinsi ilivyotubidi kuanza upya baada ya sheria ya 1982. Mara ile uamuzi ulitoka juu. Safari hii kalamu imo mikononi mwetu.

Sisemi kwamba Chama kisipokee matangazo kamwe. Kuuza tangazo linalojulikana kuwa tangazo hakukatazwi. Tangu mwaka 2005 ipo alama ndogo inayotiwa ndani ya kiungo, isiyoonekana na msomaji, inayouambia mtambo usikihesabu kiungo hicho kuwa ushahidi, na Septemba 2019 ikaongezwa nyingine mahsusi kwa viungo vya kulipiwa. Kijana anayetunza tovuti yetu anaweza kuitia kwa dakika moja. Msomaji bado ataweza kukibonyeza, na mwenye tangazo atapata wateja kama wapo.

Kwa hiyo napendekeza mwombaji huyu ajibiwe hivi: nafasi ya tangazo ipo, itaandikwa juu yake neno TANGAZO, kiungo kitatiwa alama ya malipo, na makala ya kilimo yataandikwa na maofisa wetu wenyewe. Kama alitaka wasomaji wetu, atakubali. Kama alitaka sahihi yetu, hatutamsikia tena. Halafu libaki swali la pili, ambalo si la mtambo bali ni lenu, kama inafaa Chama cha wakulima kutangaza kamari hata ikiwa imeandikwa waziwazi. Mimi nasema haifai, lakini hilo mlijadili.

Yako mawili madogo ambayo kamati ingeyashughulikia leo leo. La kwanza ni funguo. Neno la siri la tovuti zenu nyingi lipo kwa fundi aliyezitengeneza, ambaye pengine amekwisha kuhamia Mwanza. Viungo vya kamari hupachikwa pia na wezi wasiolipa chochote, na chama kisichoweza kuifungua tovuti yake hakiwezi kuviondoa. Katibu awe na neno hilo, na nakala ifungiwe kwenye kasha la fedha.

La pili ni ada ya jina la tovuti. Jina lisipolipiwa hurudi sokoni, na wako wanunuzi wanaoyavizia majina ya namna hiyo kwa ajili ya sifa iliyobaki ndani yake. Machi 2024 Google ililazimika kutunga kanuni juu ya udanganyifu huo, na mfano mmoja iliotoa ni wa kamari kuwekwa katika tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi. Mweka hazina akumbuke kwamba ada hiyo hulipwa kila mwaka, na risiti iletwe mbele ya kamati pamoja na zile za mbolea na magunia.

Ndugu Mwenyekiti, narudisha ajenda ya nne mikononi mwa kikao.