Kurudi Kazini Kabla ya Kumaliza Dawa

Leo nazungumza nawe unayetibiwa kifua kikuu na sasa unataka kurudi kazini, iwe ni kwenye chumvi kule Gongoni, katani ya Vipingo au hoteli za Watamu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Jumla siku 14. Lakini dawa za kifua kikuu cha kawaida ni za miezi 6. Kwa hivyo huenda ukarudi kazini dawa bado zinaendelea, na hapo ndipo wengi huteleza. Kikohozi kimekwisha, nguvu zimerudi, mtu hujiona amepona akaziacha. Ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu, mgumu kutibu, na nyumbani kuna watoto.

Basi fanya hivi:

Kwanza, mwulize daktari kama unaweza kurudi bila kuambukiza wenzako. Mara nyingi baada ya majuma 2 hivi ya dawa zinazofaa hatari hupungua sana, lakini yeye ndiye wa kuamua.

Pili, weka saa maalumu ya kumeza dawa, isiyovurugwa na zamu. Ukitoka alfajiri, zimeze kabla hujatoka. Mtu wa nyumbani akukumbushe. Ramadhani ikikaribia, panga saa mpya na daktari.

Tatu, mweleze msimamizi siku zako za kliniki mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Nne, acha mnazi mpaka umalize matibabu. Pombe pamoja na dawa hizi huumiza ini.

Mkojo ukiwa na rangi ya machungwa, usishtuke, ni dawa. Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo au miguu ikifa ganzi, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usingoje mshahara: dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali.

Ndugu yangu, kazi umeirudia. Usiiache dawa njiani. Kwaheri, na afya njema.