Mkono Mmoja Haulei Mwana

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama unaosha vyombo au unanyonyesha, endelea na kazi yako, lakini tega sikio.

Leo tuzungumze juu ya jirani yako. Huenda ni msichana wa miaka 17 aliyejifungua juzi, shule ameacha, na baba wa mtoto hajulikani aliko. Huenda ni mjane, au nyanya anayelea wajukuu yatima. Tunampita njiani, kisha tukifika kisimani tunamsema: "Mbona mtoto wake amekonda hivyo? Hajui kulea!" Akina mama, hakuna anayezaliwa akijua kulea. Sisi tulifunzwa na mama zetu, shangazi zetu na majirani. Anayekosa watu hao hukosa pia mafunzo.

Mama aliye peke yake huogopa kuchekwa, kwa hiyo haendi kliniki. Asipoenda, mtoto hukosa chanjo. Mtoto akilia usiku kucha, yeye hudhani ni njaa na kumpa uji akiwa na miezi 2. Tumbo huanza kuhara, na kuhara kunaweza kuua mtoto mchanga. Shida iliyoanza na upweke inaishia wodini. Je, wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, mtembelee. Usiende kumkagua, nenda kumsaidia. Mwambie: "Mwanangu, nimekuja nikushikie mtoto, nawe uoge, ule, ulale kidogo." Akianza kuongea, msikilize. Usimuulize baba wa mtoto ni nani.

Pili, mfunze kwa vitendo. Mwonyeshe jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi: mdomo uwe wazi kabisa, ashike sehemu kubwa ya weusi wa titi, si chuchu peke yake. Maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi 6 ya kwanza, hata maji hayahitajiki. Akifika miezi 6, aanze chakula kilichopondwa: uji mzito, ndizi, maharagwe, mboga, omena iliyosagwa. Ampe mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mfunze pia kuongea na mtoto anapomwogesha, kumwimbia na kumchekea. Mwiko na sufuria ni vichezeo vya kutosha. Ubongo wa mtoto hukua kwa kuzungumzishwa, na hilo halihitaji pesa.

Mtoto mchanga hana ujeuri. Kilio ndiyo lugha yake. Asipigwe, na kamwe asitikiswe, kwa maana kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake. Mama akizidiwa na hasira, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje kwa dakika chache, kisha amwite jirani. Jirani huyo awe wewe.

Tatu, fuatana naye kliniki. Mkumbushe kijitabu cha mama na mtoto. Baada ya chanjo za kuzaliwa, kuna za wiki 6, 10 na 14, na ya surua katika miezi 9 na 18. Mtazame pamoja mstari wa ukuaji wa mtoto. Usipopanda, muulizeni muuguzi. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu pia anaweza kumtembelea nyumbani, basi mjulishe.

Nne, mkaribishe katika chama chenu. Akikosa shilingi 50 za mchango, msimfukuze. Anahitaji kukaa na wenzake kuliko anavyohitaji zamu ya pesa.

Sasa sikiliza kwa makini. Machozi na wasiwasi siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, na kwa wengi huisha kabla ya wiki 2. Yakizidi hapo, au mama akiwa hali, halali hata mtoto anapolala, hataki kumshika mtoto, huo ni ugonjwa. Si uvivu, wala si kurogwa, na una matibabu. Akisema afadhali afe, au anataka kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ni msichana wa shule, mjulishe kwamba mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi darasani. Nenda naye kwa mwalimu mkuu. Na kama alidhulumiwa, piga simu nambari 116, ni bure, au mwone afisa wa watoto.

Mama, huhitaji kuwa tajiri ili ufanye haya. Wiki hii chagua nyumba moja tu, ile unayoijua, ambayo mlango wake haubishwi na mtu. Piga hodi.