Jini la ziwani na wodi ya Maweni

Msikilizaji, kijana wa Ujiji akianza kusema anaitwa na jini kutoka ziwani, majirani wengi hawashangai. Majini yanajulikana hapa. Mwenye ugonjwa wa akili kama wake kule Uingereza huenda akadai serikali imemtegea kamera chumbani. Ugonjwa huleta sauti na hofu. Sura na jina la adui mtu huyatoa kwao alikokulia.

Kwa hiyo kuamini majini si kuumwa. Wapo wanaoyaamini, na alfajiri wako mwaloni Kibirizi wakivutana bei ya dagaa, akili timamu kabisa. Cha kutazama ni mabadiliko: halali usiku, anakataa ugali wa mama yake akisema umetiwa sumu, anajibizana na asiyeonekana, hadi shehe mwenyewe, anayeamini majini, anasema huyu si yule tuliyemzoea.

Familia nyingi huanzia kwa mganga au kwenye kisomo. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya akili kwa karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga, na kwa robo hivi ya waliokwenda vituo vya afya. Simlaumu anayesomewa. Ninachokipinga ni kumfunga mgonjwa minyororo, na kumsaka bibi wa jirani wa kubebeshwa uchawi.

Na mgonjwa akiwa na homa, msingoje kesho: malaria kali nayo huvuruga akili. Mfikisheni Hospitali ya Maweni leo, dua ziendelee hukohuko.