Kuku Akondaye Ingawa Anakula



Leo napenda kuwaelezeni habari za kuku wa uani ambaye hula pamoja na wenziwe, huacha kutaga, kisha asubuhi moja huonekana amekufa bandani. Mwenyewe humwinua na kustaajabia wepesi wake. Majirani husema ni jicho baya. Kwa kweli kuku huyo alikuwa akifa kwa majuma mengi, ila manyoya yalituficha.

Kwa hiyo kutazama tu hakutoshi. Yafaa kumshika kila kuku mara moja kwa juma, usiku akiwa ametulia, na kupapasa mfupa wa kidari. Kuku mzima ana nyama pande zote mbili. Akondaye, mfupa huo huchomoza kama makali ya kisu. Papaseni na gole. Likiwa tupu jioni, huenda wenziwe humfukuza chakulani, na chombo cha pili cha chakula chaweza kumponya. Likiwa limejaa alfajiri kabla hajala, chakula hakishuki.

Gole likiwa sawa, fikirini minyoo. Kuna minyoo ya mviringo, meupe, iwezayo kuzidi urefu wa sentimita 10. Mayai yake hutoka na mavi, hukomaa udongoni kwa majuma mawili hivi, kisha kuku mwingine huyadonoa. Tegu huingia kwa njia nyingine, kuku alapo sisimizi, nzi na wadudu wengine. Dawa ya piperazini huiondoa ile ya mviringo, lakini tegu haiwadhuru. Wengi wanaolalamika kwamba dawa ni mbovu walinunua dawa isiyo yake.

Utitiri nao hunyonya damu usiku na mchana hujificha katika nyufa, basi mwenye kukagua banda saa sita za mchana hauoni. Nendeni na tochi usiku.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni kifua kikuu cha ndege. Humpata hasa kuku aliyepita umri wa mwaka mmoja: hula vizuri, hukonda, upanga wake hupauka, pengine huchechemea. Ndani, maini huwa na vivimbe vya kijivu au manjano. Hakuna dawa ifaayo kumpa, na viini vyake hudumu udongoni kwa miaka. Heri kuwaondoa kuku wote na kuanza upya mahali pengine, ijapokuwa ni hasara chungu kwa mama anayelipia karo kwa mayai.

Kuku mchanga zaidi akikonda huku mguu mmoja umenyoka mbele na mwingine nyuma, shukuni ugonjwa wa Marek, ulioitwa kwa jina la mganga wa wanyama wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Chanjo yake hutolewa siku ya kuanguliwa. Baadaye haifai kitu.

Kuku akifa, msimle wala msimtupie mbwa. Mfungeni katika mifuko miwili, mwekeni mahali pa baridi pasipo kugandisha, mkampeleke siku hiyo hiyo kwa Afisa wa Mifugo, ambaye akiona haja atapeleka vipande Kabete vikapimwe. Lakini wakifa wengi kwa siku chache, hayo si makondeano tena, labda ni kideri: msimpasue hata mmoja, wala msiuze waliobaki, bali mwiteni Afisa aje kwenu.