Vipimo Vidogo Katika Kisiwa cha Ndege

Somo letu la leo ni juu ya mashine ndogo zinazofanya kazi kwa kushirikiana.

Pwani ya jimbo la Maine, Marekani, kiko kisiwa kiitwacho Great Duck. Huko wako ndege wa baharini watagao mayai mashimoni. Mtu akiwasumbua mara kwa mara, huenda wakayaacha mayai yao yakaharibika. Basi mtaalamu atawachunguzaje?

Mwaka 2002 wataalamu wa kompyuta, mmoja wao David Culler wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka kisiwani vipimo 32, vingine ndani ya mashimo. Kila kimoja kilikuwa na betri na redio ndogo. Kilipima joto na unyevu, kikapeleka habari kwa redio, na wataalamu wakazisoma wakiwa mbali.

Betri ndogo huisha upesi. Kwa hiyo kipimo hulala, huamka kupima na kupeleka habari, kisha hulala tena. Kimoja kikiharibika, vingine huendelea.

Sasa jibuni: Kwa nini wataalamu hawakukaa karibu na mashimo? Andikeni jibu katika madaftari yenu. Kwaherini.