Kura ya Machi haimchagui rais wa Januari

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Tungoje Machi 2019, sisi na ndugu zetu wa Yumbi. Rais akatangazwa tarehe 10 Januari, akaapishwa tarehe 24. Hata mtoto wa shule ya msingi anaona kwamba kura ya Machi haimchagui rais wa Januari. Watu zaidi ya milioni moja walibaki na kadi zao mfukoni, na kwa hesabu ya CENI yenyewe mshindi alimpita wa pili kwa kura zisizofika 700,000. Simtetei aliyeshinda wala aliyeshindwa. Nasema watu walifutwa mchana kweupe, na miaka yote hii hakuna aliyeitwa kutoa maelezo.

Tuliambiwa sababu ni Ebola na usalama. Ebola ilikuwapo, imetuulia watu. Na mauaji ya Beni tunayajua tangu 2014, hatuhitaji kufundishwa. Lakini mwezi huohuo wa Desemba mgombea urais Martin Fayulu alihutubia umati mkubwa Beni, masoko yalijaa, makanisa yalijaa. Liberia ilipiga kura ya maseneta tarehe 20 Desemba 2014 Ebola ikiwa bado nchini: watu walinawa mikono, wakapimwa joto, wakapiga kura. Na ushahidi mzito kuliko huo uko hapa kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2018 wagonjwa walikuwa kama 600. Tulipoitwa kuchagua wabunge, tarehe 31 Machi 2019, walikuwa wamepita 1,000. Ni ugonjwa gani huo unaozuia kura ukiwa mdogo na kuiruhusu ukishakuwa mkubwa? Mpaka leo swali hilo halijajibiwa.

Tarehe 30 Desemba, Kongo nyingine ikipiga kura, watu wa Beni walijiandalia uchaguzi wao. Walipanga foleni, wakasafisha mikono kwa dawa, wakaandika jina la waliyemtaka kwenye karatasi, wakaitumbukiza. Walijua fika kwamba hakuna hata karatasi moja itakayohesabiwa Kinshasa. Ubelgiji na Australia mtu anakwenda kupiga kura kwa sababu sheria inamlazimisha. Kwingineko anakwenda akitumaini mtu wake atashinda. Foleni ya Beni haikuwa na sheria nyuma yake, wala ushindi mbele yake. Watu walikwenda ili ionekane wazi kwamba wapo, na kwamba sababu waliyopewa ilikuwa ya uongo. Nyanza ya Kenya, Oktoba 2017, wananchi wengi waliususia uchaguzi wa marudio. Kaunti nne hazikupiga kura na mshindi akatangazwa vilevile. Wale walikataa kwenda, sisi tulikatazwa, na tume zote mbili zikafunga hesabu bila watu. Tukiri pia kwamba tarehe 27 Desemba 2018 hasira yetu ilipotea njia: kituo cha Ebola cha Beni kilivamiwa, wagonjwa wakakimbia. Aliyetunyima kura hakuumia hata kidogo. Walioumia ni jirani zetu.

Kuna anayesema kura haileti kitu, mbona tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi na watu bado wanauawa? Uchovu huo naujua, na ni wa haki. Lakini mtawala ambaye hakuhitaji kura yako jana, leo kilio chako kitamgusa kwa lipi? Kulikubali jambo lile la 2018 kumewapa watawala njia ya kulirudia. Desemba 2023 Rutshuru na Masisi hazikupiga kura, sababu ikawa usalama tena, na rais akapatikana bila wao. Mwezi huohuo Corneille Nangaa, mkuu wa CENI yuleyule aliyetutangazia ya 2018, alizindua huko Nairobi muungano wake ulioungana na waasi wa M23. Na sisi, tuliojua uchungu wa kufutwa, tuliwasemea wa Rutshuru kwa sauti gani? Ndogo mno!

Basi tuinuke sasa, tusingoje wiki ya mwisho ya kampeni. Vijana wa vuguvugu za Lucha na Véranda Mutsanga wasiachiwe kazi hii peke yao. Wafanyabiashara wa Butembo, mnaojua kufunga mji mzima kwa siku moja, ingieni, maparokia, ingieni, walimu, ingieni. Kila anayekuja kutuomba kura za 2028 aulizwe mbele ya watu: uchaguzi ukifutwa kwetu, au Masisi, au Rutshuru, utakubali kuapishwa kabla hatujapiga kura? Ajibu kwa maandishi, atie sahihi, na karatasi ibandikwe mlangoni pa ofisi ya kila kata. Akikataa kusaini, asipewe uwanja wala kipaza sauti katika mji huu.