Kabla Hujapanga Mada za Muhula

Leo nazungumza na wahadhiri wanaoandaa muhtasari wa kozi ya muhula ujao, ingawa mwanafunzi naye akitega sikio hatapoteza kitu.

Mihtasari mingi huandikwa hivi: wiki ya kwanza utangulizi, ya pili nadharia, mada juu ya mada, majaribio mawili katikati, mtihani mwishoni. Atakachosema mwalimu kimo chote. Atakachofanya mwanafunzi hakimo. Ndiyo maana madesa hutafutwa siku chache kabla ya mtihani, na watu hukesha.

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kuitazama makala. Kati ya waliopimwa baada ya dakika 5, wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Kati ya waliopimwa baada ya wiki moja, wasomaji walibaki na 40, waandishi 61. Na waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka!

Sasa chukua kozi ya uhasibu. Leja umeifundisha wiki ya 2. Wiki ya 6 mko kwenye mizania, lakini kabla hujagusa ubao, waambie wafunge madaftari na kwa dakika 10 waingize miamala mitano kwenye leja. Watanung'unika. Waache wanung'unike. Dakika hizo ziandikwe kwenye muhtasari wenyewe, wiki kwa wiki, zisingoje mwalimu azikumbuke.

Najua utaniuliza: darasa la watu 300, nani atasahihisha? Katika utafiti ule hakuna aliyesahihishiwa. Faida ilitokana na kule kukumbuka kwenyewe. Wewe andika majibu ubaoni, kila mtu ajikosoe, msonge mbele. Alama si lazima.

Gharama ipo, tena halali: muda huo utakula mada moja au mbili. Binafsi naona bora zikatwe kuliko kukimbizwa wiki ya mwisho ili tu mwalimu aseme amemaliza silabasi. Basi mwalimu, utakapokaa kupanga muhula, anza na lile unalotaka mwanafunzi aweze kulifanya mwaka mmoja baada ya mtihani, halafu ndipo uandike wiki ya kwanza.